Mashine inayonasa dawa kwenye mishiri

Mkulima wa mishiri, yaani maharagwe machanga yanayoliwa na ganda lake, anaweza kuvuna mazao yasiyo na doa wala mdudu na bado yakakataliwa Ulaya. Jicho la mkaguzi halioni kitu, lakini mashine inaona.

Hilo lilidhihirika Januari 2013, Umoja wa Ulaya ulipoanza kupima asilimia 10 ya shehena za maharagwe na njegere za maganda kutoka Kenya, baada ya kukuta mabaki ya dawa ya dimethoeti. Kiwango kilichoruhusiwa kwenye maharagwe kilikuwa miligramu 0.02 kwa kilo. Kwa hesabu ya mkulima, hiyo ni gramu 1 ya dawa katika tani 50. Gharama ya vipimo ililipwa na waagizaji, na si vigumu kukisia ilikoishia.

Kiasi hicho kidogo hunaswaje? Maharagwe husagwa, dawa hutolewa kwa kimiminika, kisha tone lake hugeuzwa mvuke na kusukumwa kwa gesi ndani ya bomba jembamba la mita nyingi. Kila kemikali hutoka kwa wakati wake, na mwishoni hukutana na kitambuzi.

Vitambuzi havifanani. Cha moto wa haidrojeni huchoma karibu kila chenye kaboni, na umeme mdogo unaopita huongezeka. Alichobuni Mwingereza James Lovelock mwaka 1957 hufanya kinyume: elektroni hutiririka ndani yake daima, na kemikali zenye klorini, kama DDT, huzinyakua, umeme ukapungua. Dimethoeti haina klorini. Ina fosforasi na naitrojeni, nazo zina kitambuzi chao. Siku hizi maabara nyingi hupima uzito wa chembe zenyewe, kwa hiyo kubadili dawa ili kuikwepa mashine ni kujidanganya.

Kinachomsaidia mkulima ni siku za kungoja zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa. Tatizo ni kwamba mishiri huchumwa mara kadhaa kwa wiki, na mnunuzi hangoji. Isitoshe, mzigo mmoja huchanganya mavuno ya mashamba mengi. Aliyepuliza juzi akachuma leo huwaangusha majirani wote, na kreti isipokuwa na alama ya shamba, hakuna mashine itakayosema maharagwe hayo ni ya nani.