Kulwa na Doto, Pacha wa Suke Moja

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na punje mbili za mpunga, Kulwa na Doto, pacha wa suke moja. Ukoo wao ni Supa, mpunga wa kunukia unaopendwa sana Tanzania. Mkulima akampanda Kulwa shambani kwake Kyela, karibu na Ziwa Nyasa. Doto akapewa shemeji wa mkulima, akaenda bonde la mbali lenye joto.

Sasa sikilizeni. Yapo mambo ambayo mpunga huyapata kwa ukoo. Urefu wa punje ni ukoo. Harufu ni ukoo. Hata wali kuchambuka au kunata, kwa sehemu kubwa ni ukoo: ndani ya wanga mna kitu kiitwacho amilosi. Ikiwa nyingi, wali huchambuka. Ikiwa kidogo, hunata, kama wali wa Kijapani.

Kulwa akaota, akachanua, punje zake zikajaa maziwa, yale maji meupe yanayotoka ukibinya punje changa. Usiku haukuwa na joto kali, basi wanga ukajipanga taratibu, chembe kwa chembe. Akavunwa kwa wakati, akaanikwa kwenye turubai mpaka unyevu ukabaki asilimia 14 hivi.

Na Doto je? Alipandwa kwa kuchelewa, akachanua joto limepamba moto. Mmea nao hupumua, jamani! Usiku ukiwa wa joto hupumua zaidi, na kuitumia sukari ambayo ingeingia kwenye punje. Wanga wa Doto ukajaa harakaharaka, ukaacha vijinafasi vya hewa, na punje zikawa na doa jeupe tumboni. Shemeji naye akachelewa kuvuna. Mchana jua likazikausha, usiku umande ukazilowesha, zikapata nyufa.

Siku ya kukoboa, mashine haikuuliza ukoo. Mchele wa Kulwa ukatoka mzima, unang'aa. Wa Doto, mwingi ukakatika ukawa chenga. Ulinukia Supa vilevile, lakini sokoni bei ikashuka.

Je, mbegu ya Doto ilikuwa mbaya? Hata kidogo! Ilikosa msimu mzuri na mkono wa haraka.

Kesho ukichagua mchele, inua punje uitazame kwenye mwanga, utafute doa la tumboni. Mama akiuliza mbona unachelewa, mwambie unasoma hali ya hewa ya msimu uliopita.