Mwenye Kibanja Haulizwi Bei

Mkulima wa Kashozi akitaka kuuza mbuzi, anamfunga kamba na kwenda naye mnadani. Akitaka kuuza mkungu wa ndizi, anauweka kando ya barabara iendayo Bukoba na kutaja bei anayoiona inamfaa; mteja akigoma, mkungu unarudi nyumbani ukapikwe. Maharage ni hivyo hivyo, parachichi hivyo hivyo, hata senene wa msimu wa mvua. Humo humo kibanjani, chini ya kivuli cha migomba ile ile, limo zao moja lisilouzwa kwa namna hiyo. Kahawa ina bodi, ina chama cha msingi, ina msimu unaofunguliwa kwa tangazo, ina makato, na ina askari wa doria wanaoisubiri njiani ikielekea Uganda.

Jibu la haraka la kwa nini iwe hivyo ni fedha za kigeni. Jibu refu limeanza kabla ya serikali hii kuwapo.

Wahaya wa zamani kahawa hawakuinywa, waliitafuna. Punje zilichemshwa pamoja na majani ya kunukia, zikakaushwa, akapewa mgeni mlangoni, na wawili waliotaka kuwa ndugu wa damu walikula kiapo chao kwa kahawa. Lakini si kila mtu aliruhusiwa kuupanda mbuni. Abakama, watawala wa Wahaya, waliubana upandaji wake, maana zawadi yenye heshima haifai kuota kwa kila jirani. Wamisionari wa Afrika walipoanzisha misheni ya Kashozi mwaka 1892, ya kwanza Buhaya, mambo yalikuwa bado hivyo. Wajerumani wakaja na kodi ya kulipwa kwa fedha taslimu, wakahimiza mibuni ipandwe kila mahali, na ndani ya kizazi kimoja kitafunwa cha mgeni kikawa ada ya shule na bati la nyumba.

Waingereza nao wakaleta kanuni: palilia hivi, tandaza nyasi hivi, shamba likaguliwe. Mwaka 1937 Wahaya wakakataa, zikazuka ghasia wilayani Bukoba. Maofisa waliandika kwamba wakulima hawaelewi faida ya kilimo bora. Mimi nadhani walielewa vizuri sana. Walimwona mtu asiyemiliki hata mbuni mmoja akiingia kibanjani na daftari, wakajua daftari huja kabla ya mkono. Miongoni mwa waliohangaika na mambo haya alikuwa Klemens Kiiza, mmoja wa waasisi wa Bahaya Union ya mwaka 1924, ambaye baadaye aliingia katika biashara ya kahawa na chama cha wakulima wenyeji. Alitaka Mhaya auze mwenyewe, asipitie kwa mfanyabiashara wa Kihindi wala kwa bwana shauri.

Ushirika ulizaliwa na kiu hiyo hiyo. Bukoba Native Cooperative Union ya mwaka 1950 ilikuwa fahari ya watu, na hadi leo wazee husimulia habari za shule zilizojengwa na vijana waliosomeshwa kwa fedha za kahawa. Ila tangu mwanzo kulikuwa na kasoro: bodi ya kahawa ya kikoloni ilikwisha kupewa mamlaka ya kuikusanya kahawa yote ya Waafrika, ushirika ukaikuta njia hiyo imechongwa ukapita humo. Chama ambacho huwezi kukikwepa kinaanza kukusahau. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vyote vya ushirika kwa tamko, mamlaka ya zao ikachukua nafasi, na wenye vyama hawakuulizwa. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha vyama. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Mwaka 2018 wakazuiwa tena kumfuata mkulima shambani, kahawa yote ipite AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa mazao.

Msingi wa kwanza wa ushirika duniani kote ni uanachama wa hiari. Sijui hiari hiyo inakaa wapi pale ambapo asiyepeleka kahawa yake chamani huitwa mhalifu.

Hapo ndipo magendo yanapoingia. Kashozi iko kaskazini mwa mji wa Bukoba, ziwa liko karibu, na Uganda haiko mbali kwa mtumbwi wala kwa pikipiki. Uganda iliondoa ukiritimba wa bodi yake mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mnunuzi wa huko hulipa papo hapo. Kwa hiyo bei ya Kagera ikilala, magunia yanavuka. Wakuu wa mikoa wamekemea, mizigo imekamatwa, watu wamefungwa. Wakati wa Idi Amin mambo yalikuwa kinyume: bodi ya Uganda ndiyo iliyokuwa ikimlipa mkulima kidogo, na baada ya baridi kali kuunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975 na bei ya dunia kuruka, kahawa ya Waganda ilimiminika Kenya kupitia Chepkube, mpakani mwa nchi hizo. Kahawa haina uraia. Tangu minada ilipoanza kufanyika mkoani Kagera kwenyewe katika misimu ya karibuni, na robusta ikapita dola 5,000 kwa tani katika soko la London mwaka 2024, mkulima amepata sababu nzuri zaidi ya kubaki na gunia lake upande huu kuliko doria yoyote.

Suala la butura ni gumu zaidi, wala sitaki kulipamba. Kahawa ikiwa bado maua, mtu mwenye fedha huja akanunua mavuno yajayo kwa bei ya kutupa. Januari ada inadaiwa, au kuna mgonjwa, au kuna msiba, na kahawa haivunwi kabla ya Mei. Serikali imepiga marufuku, viongozi wa dini wamehubiri dhidi yake. Marufuku, hata hivyo, haijamlipia mtoto yeyote ada. Benki haikopeshi kwa maua, na malipo ya pili ya chama huja yanapojisikia. Butura ni mkopo wa mtu asiyekopesheka. Ukiufunga mlango huo bila kufungua mwingine, mnunuzi haondoki, anakuja usiku, na bei ya usiku ni mbaya kuliko ya mchana.

Marekani, wenye hoja za namna hii hujiita walibertari. Wana chama tangu mwaka 1971, na hakijawahi hata kukaribia Ikulu. Ron Paul, daktari wa uzazi wa Texas, aliwania urais kwa tiketi yake mwaka 1988 akaambulia kura chache. Wanasema serikali ilinde mtu asiibiwe, kisha ikae pembeni. Nasikiliza nikikubali sana, mpaka nikumbuke namna kahawa yetu ilivyotendwa na Washington. Mwaka 1962 Marekani iliunga mkono mkataba wa kimataifa wa kahawa, wenye mgawo wa mauzo kwa kila nchi, kwa hofu kwamba mkulima fukara wa Amerika ya Kusini angegeuka mkomunisti. Vita baridi vilipopoa, mapenzi nayo yakapoa. Julai 1989 mgawo ukavunjika, bei ikaporomoka karibu nusu, na Kagera ikapata pigo bila kujua limetoka wapi. Lilikuwa soko huria, walisema. Pamba yao wenyewe waliendelea kuipa ruzuku, hadi Brazil ikawashtaki katika Shirika la Biashara Duniani ikashinda. Na mwaka 2025 Donald Trump akatoza ushuru bidhaa za karibu dunia nzima, kahawa ikiwamo, ingawa Marekani bara hailimi kahawa ya kuweza kulindwa. Novemba, Wamarekani walipochoka na bei ya kikombe, akaiondoa kahawa na ndizi katika orodha.

Walibertari wa kweli walimpinga, na ni haki kulisema hilo. Lakini somo la uhuru wa soko tumefundishwa na watu wasiolifuata, basi si ajabu likisikika mdomoni mwa Mtanzania kama wimbo wa tajiri. Na bado hapa kwetu lina maana yake. Novemba 2018 Rais Magufuli aliona wanunuzi wa korosho wanapunja, akaamuru serikali inunue yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, magari ya jeshi yakabeba. Wakulima walishangilia. Wapo waliokaa miezi wakisubiri fedha, na hawakuwa na mwingine wa kumpelekea.

Ninachotaka kwa KCU, chama kikuu cha ushirika cha Kagera, na vyama vyake ni ushindani. Vibaki, vinunue, vikopeshe kabla ya mavuno, vitangaze makato yote mlangoni, na mkulima asiyeridhika aende kwa mwingine mwenye leseni bila kukimbizwa. Chama kizuri hakitapoteza wanachama.

Ila tukisema kahawa ni mali ya mkulima, tumtaje mkulima huyo ni nani. Kibanja cha Kihaya ni cha ukoo, na ukoo umezoea kuzungumza kwa sauti ya mwanamume. Mwanamke huchuma, huanika, hugeuza mkekani, halafu mzee wa nyumba ndiye anayekwenda kwenye mizani. Kutoka Muleba ilitoka kesi ambayo kila mwanasheria nchini ameisoma, Ephrahim dhidi ya Pastory. Mama mmoja alirithi ardhi ya baba yake kwa wosia, akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akaenda mahakamani kudai mauzo ni batili, kwa kuwa mila ya Kihaya ilimkataza mwanamke kuuza. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliikataa mila hiyo kwa kuwa inakiuka Katiba, akasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kurithi na kuuza. Mpwa hakunyimwa ardhi. Alipewa miezi sita ya kuikomboa, kwa kulipa bei ile ile aliyotoa mnunuzi.