Mfupa Uliokufa Chini ya Jeraha Dogo la Kidole

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Katika pwani ya Mtwara, kutoka Mikindani hadi Msimbati na mlango wa Mto Ruvuma, mwiba huo aghalabu ni wa samaki, na kinachoumia ni kidole. Mvuvi huchomwa akimnasua samaki wavuni. Mbanguaji wa korosho hujikata. Jeraha hufunga juu, kazi ikaendelea, na maambukizi yakateremka hadi mfupani.

Mfupa ni hai, nao hulishwa na damu. Usaha ukijaa ndani ya kidole, ambamo nafasi ni finyu, mishipa midogo hubanwa, na kipande kinachokosa damu hufa. Dawa za kuua bakteria husafiri kwa damu, hivyo hazikifikii ipasavyo. Ndiyo maana vidonge hutuliza uvimbe kwa siku kadhaa, kisha usaha hutoka tena palepale.

Hatari huzidi kwa mwenye kisukari. Taarifa za wagonjwa wa Dar es Salaam wa miaka ya 1998 hadi 2002 zilionyesha jinsi majeraha madogo ya mkono, tiba ilipochelewa, yalivyoweza kuishia katika kukatwa kiungo na hata kifo. Kila mwenye kidole kilichovimba na apimwe sukari.

Picha ya eksirei ya siku za kwanza huweza kuonekana safi, kwani mabadiliko ya mfupa huchukua takriban siku 10 hadi 14 kudhihirika. Dalili zikiendelea, picha irudiwe baada ya wiki 2. Mfupa mfu huonekana mweupe kuliko jirani zake: mifupa hai iliyoambukizwa hupoteza madini, ilhali uliokufa hauna damu ya kuyaondoa.

Tiba ni kuuondoa mfupa mfu kwa upasuaji, kupeleka sampuli ya tishu maabara, na kutoa dawa kwa kawaida wiki 4 hadi 6, pamoja na kudhibiti sukari na kuhakiki chanjo ya pepopunda. Wakati mwingine kidole hukatwa ili mkono upone.

Lakini yote hayo hutegemea maandishi. “Kidonda cha mkono” hakitoshi. Andika mkono upi, kidole kipi, tarehe ya kuumia, kilichochoma na dawa zilizokwisha tumika. Pasipo tarehe, nani atajua kwamba picha ilipigwa mapema mno? Pasipo neno “samaki”, maabara itaotesha sampuli katika nyuzi 37 pekee, ilhali yuko bakteria wa majini, jamaa wa yule wa kifua kikuu, anayestawi karibu na nyuzi 30.

Nawe mgonjwa, tunza kadi na picha zako, uende nazo kila unapopewa rufaa. Kidole kikivimba chote, kikajikunja na kuuma sana kinaponyooshwa, usingoje kesho: fika hospitali siku hiyohiyo.