Kaisari Aliyepata Yerusalemu kwa Mazungumzo

Tai mzoga walishonwa kope kwa uzi, kisha wakawekewa nyama mbele yao. Pua hazikuzibwa, lakini hawakuigusa. Aliyeshuhudia akahitimisha kwamba ndege hawa hutafuta mzoga kwa macho, si kwa harufu. Huyo alikuwa Frederick II, Kaisari wa Dola Takatifu la Kiroma, mwandishi wa kitabu kinene cha Kilatini kuhusu uwindaji kwa kozi. Humo alimkosoa hata Aristotle, kwa kuwa mwanafalsafa huyo aliandika habari za ndege bila kuwinda nao.

Namuelewa mtawala huyu kupitia kitabu hicho kuliko kupitia vita vyake. Alizaliwa Jesi, Italia, mwaka 1194. Kabla hajafikisha miaka mitatu alikuwa yatima wa baba, na mwaka uliofuata mama naye akafariki. Akakulia Palermo, mji ambao Waarabu na Wagiriki walikuwa wameuachia lugha, elimu na majengo yao. Alivikwa taji la ukaisari Roma mwaka 1220, na miaka minne baadaye akaanzisha chuo kikuu cha Napoli.

Alikuwa ameapa kwenda Vita vya Msalaba, akawa anaahirisha. Mwaka 1227 alipanda merikebu, akaugua, akarudi. Papa Gregory IX hakutaka kusikia habari ya homa. Akamtenga na Kanisa. Mwaka uliofuata Frederick alisafiri hivyo hivyo, akiwa ametengwa, na jeshi dogo ambalo lisingeweza kuuteka Yerusalemu.

Lakini al-Kamil, sultani wa Misri, naye alikuwa na shughuli nyingine: alikuwa akigombania Dameski na mpwa wake, mtoto wa marehemu ndugu yake. Vita na Wakristo wa Ulaya wakati huo vingemgharimu. Wajumbe wakaenda na kurudi kwa miezi kadhaa, Amiri Fakhr al-Din akiwa mstari wa mbele kwa upande wa sultani. Tarehe 18 Februari 1229 wakaafikiana suluhu ya miaka kumi na ushei. Wakristo wakapata Yerusalemu, Bethlehemu na Nazareti. Waislamu wakabaki na eneo la Haram, pamoja na Msikiti wa al-Aqsa na Kuba ya Mwamba, waswali humo bila bughudha. Yerusalemu ulipatikana bila kuzingirwa.

Kwangu mimi hilo ndilo tendo kubwa kuliko yote aliyoyatenda, ingawa halinifanyi nifumbie macho mengine. Mtu huyu aliyeelewana na sultani ndiye aliyewang'oa Waislamu wa Sicilia kutoka vijiji vyao, maelfu kwa maelfu, akawahamishia Lucera kusini mwa Italia bara.

Wakati ule hakushukuriwa na upande wowote. Waislamu wengi walilia kwamba al-Kamil ameuuza mji mtakatifu. Patriaki Gerold wa Yerusalemu akapiga marufuku ibada mjini humo. Tarehe 18 Machi, Frederick alivaa taji ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu, na hapakuwa na misa ya kumtawaza.

Alfajiri ya Mei mosi, akianza safari ya kurudi nyumbani, alishuka kimya kimya kwenda bandarini Acre. Njia ilipita mtaa wa wachinjaji. Wakristo wenzake wakatoka wakamrushia matumbo na mabaki ya nyama mpaka alipofika merikebuni.