Mcheza Ugenini Naye Hutunzwa

Jua linapokaribia kuzama Kagondo, mkoani Kagera, watoto huyaweka chini madumu ya maji na kuanza kuupiga mpira uliofungwa kwa majani makavu ya mgomba. Mzazi aliyeketi kibarazani hubaki na swali moyoni: je, amwite mwanawe aje kusoma, au amwache acheze, kwani huenda riziki yake imo miguuni?

Swali hilo si la mzaha. Ili tulijibu, na tumtazame jirani yetu wa Kenya, McDonald Mariga, kiungo ambaye kandanda ilimtembeza nchi nyingi.

Mariga alizaliwa Nairobi mwaka 1987. Mpira aliukuta nyumbani, kwani baba yake, Noah Wanyama, alikuwa mchezaji wa AFC Leopards na wa timu ya taifa. Baada ya kuchezea klabu za kwao, Tusker ikiwa mojawapo, mwaka 2005 alikwenda Sweden, akaanza na Enköping kisha Helsingborg. Mwaka 2007 alihamia Parma ya Italia.

Januari 2010 Manchester City ilimtaka. Serikali ya Uingereza ikamnyima kibali cha kazi, kwa sababu Kenya ilikuwa chini mno katika orodha ya mataifa ya soka duniani. Hapo ndipo penye funzo la kwanza: miguu ya kijana ilikuwa imara, ila daraja la taifa lake lilikuwa fupi. Soka ya nchi ikidorora, hata hodari wake hufungiwa mlango.

Hata hivyo, Inter Milan ilimchukua papo hapo. Aprili 28, 2010, mjini Barcelona, aliingia dakika za mwisho kuchukua nafasi ya Samuel Eto'o, huku Inter ikipigania kufika fainali. Ilifungwa 1–0, lakini ikavuka kwa jumla ya mabao 3–2. Mei 22, huko Madrid, Inter iliilaza Bayern Munich 2–0 na kutwaa ubingwa wa Ulaya. Siku hiyo Mariga alikaa benchi hadi kipenga cha mwisho.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alitunzwa ugenini. Lakini tunu za ugenini hazidumu. Goti lilimsumbua. Alikwenda Real Sociedad ya Hispania kwa mkopo, akarudi Parma, kisha akapita Latina, Oviedo na Cuneo, klabu ndogo kuliko zile alizozizoea. Mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 32, aligombea ubunge wa Kibra, Nairobi, akashindwa. Katika umri ambao mwalimu au fundi ndiyo kwanza anakomaa kazini, mcheza soka hana budi kutafuta kazi nyingine.

Je, safari yote hiyo ilikuwa bure? La hasha. Mdogo wake, Victor Wanyama, alimfuata Sweden angali kijana. Novemba 7, 2012, akiwa na Celtic ya Scotland, Wanyama aliifunga Barcelona bao moja katika ushindi wa 2–1. Mwaka 2013 alijiunga na Southampton, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mlango uliofungwa mbele ya kaka ulifunguka kwa mdogo wake, na njia ya kuufikia alioneshwa na kaka huyo huyo.

Basi, ewe mzazi wa Kagondo, na popote ulipo, usimchape mwanao kwa kupenda mpira, wala usimwahidi Ulaya. Nyuma ya kila anayefika kuna baba, kaka, klabu na taifa. Na huyo anayefika huitegemea miguu yake kwa miaka michache tu. Mwache acheze mpaka jua lizame. Kisha mwite, abebe dumu lake, na afungue daftari lake.