Loho, Simu na Ubongo wa Mwanafunzi

Katika duksi, yaani vyuo vya Kurani, za mji wa Isiolo nchini Kenya na mitaa yake kama Kiwanjani, jirani ya uwanja wa ndege, mtoto hupewa loho, yaani ubao wa mti, akaandika aya kwa wino. Huzirudia mpaka zimkae, kisha huiacha loho na kumsomea maalim kwa ghibu. Akikwama, maalim mwema hunyamaza kidogo. Humwacha atafute. Akiona kweli imemtoka, humdokeza neno moja tu, na mtoto akaendelea. Loho huoshwa aya zikishahifadhiwa, na za juzi na za mwezi uliopita hurudiwa zisipotee.

Jioni mtoto huyohuyo ana hesabu za shuleni. Anachukua simu ya kaka yake, anazipiga picha, na programu ya akili unde inamletea majibu pamoja na njia. Ananakili. Kesho yake daftari limejaa alama za vyema.

Tatizo ni kwamba ubongo hauhifadhi kila kinachopita mbele ya macho. Una takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nguvu zake, kwa hiyo una kila sababu ya kubana matumizi. Seli zake huwasiliana kupitia viungio viitwavyo sinapsi, na viungio vinavyotumika mara kwa mara ndivyo vinavyoimarika. Mtoto anapohangaika kukumbuka, anaipita tena njia ileile na kuikanyaga iwe wazi. Anaponakili, hakuna njia iliyopitwa.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, walilipima jambo hili. Wanafunzi wengine walisoma habari fupi kwa vipindi vinne. Wengine waliisoma kwa kipindi kimoja, kisha wakajaribu kwa vipindi vitatu kuiandika bila kuitazama. Baada ya dakika tano, waliosoma vipindi vinne waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wao walikumbuka asilimia 40, wenzao asilimia 61. Na waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka ni walewale waliosahau zaidi.

Udanganyifu huo wa nafsi ndio unaonitia wasiwasi kuhusu simu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 uliwahusu karibu wanafunzi 1,000 wa sekondari nchini Uturuki, katika hesabu. Kundi moja lilipewa akili unde ya kawaida, na alama zake za mazoezi zikapanda kwa asilimia 48. Mtihani ulipokuja bila mashine, kundi hilo lilipata alama pungufu kwa asilimia 17 kuliko waliofanya mazoezi kwa vitabu vyao tu, na wenyewe hawakuhisi kwamba wamejifunza kidogo. Kundi la tatu lilipewa mashine iliyofundwa kutoa dokezo badala ya jibu. Mazoezi yake yalipanda kwa asilimia 127, na kwenye mtihani hasara ile karibu yote ilitoweka. Halikuwapita waliotumia vitabu, ila halikudhurika.

Mashine ya dokezo ilifanya kazi ya maalim yule anayenyamaza kwanza.

Sisemi kila kitu cha duksi kihamie darasani. Mtoto anaweza kuhifadhi asichokielewa, na pale fimbo inapotumika, hofu humwaga mwilini homoni ya kortisoli, ambayo huweza kuzuia kukumbuka. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001. Kuelewa nako kunataka lugha. Mtoto wa Isiolo anayezungumza Kiborana, Kisomali au Kiturkana nyumbani apewe nafasi ya kumweleza mwenzake sehemu ya somo kwa lugha hiyo kabla ya kuiandika kwa Kiingereza.

Mwalimu hahitaji umeme wala intaneti kuanza. Kabla ya somo jipya, vitabu vifungwe, aulize maswali matatu ya wiki iliyopita, kila mmoja aandike peke yake, kisha wasahihishe pamoja. Nyumbani, mtoto ajaribu kwanza kwenye karatasi. Akikwama, simu aichukue, lakini aandike hivi: “Usinipe jibu. Niulize swali mojamoja. Nikikosea, nidokeze, kisha uningoje.”