Je, Wajua? Shotgani ya risasi moja kwa kulungu wa Marekani

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi wawindaji wa kulungu katika majimbo ya Illinois, Ohio na Iowa walikatazwa raifali za kawaida? Nchi ya huko ni tambarare, na ilihofiwa kwamba risasi ya raifali ikikosa mnyama itaenda mbali mno. Wakaachiwa shotgani inayorusha slagi, yaani donge moja zito badala ya marisau.

Wajua kwamba Mjerumani Wilhelm Brenneke alibuni slagi yake mwaka 1898, na Mmarekani Karl Foster akaleta ya kwake mwaka 1931? Ya Foster ina uwazi nyuma na uzito wake uko mbele, kwa hiyo hupaa pua ikitangulia hata ikitoka kwenye mtutu laini, mfano wa kile kimpira cha vinyoya cha badminton.

Ya tatu ni saboti: risasi nyembamba iliyovikwa plastiki. Hapa ndipo fedha hupotea. Saboti huhitaji mtutu wenye mifereji ya kuizungusha. Kwenye mtutu laini huyumba, na bei yake ni kubwa. Amua kwanza utapiga slagi gani, ndipo utafute mtutu wake.

Na namba za mitutu, kama 12 na 20, zinatoka wapi? Gawa ratili 1 ya madini ya risasi katika madonge 12 ya duara: upana wa donge moja, kama milimita 18.5, ndio upana wa mtutu wa namba 12. Namba 20 ni mwembamba zaidi, milimita 15.6. Wengi huidharau, na wanaionea. Kwa kulungu aliye ndani ya mita 100, namba 20 yenye slagi nzuri inatosha, na teke lake ni dogo. Anayeogopa teke hufumba macho kabla ya kufyatua.

Wajua kwa nini bunduki ya risasi moja, ile inayofunguka katikati, husifiwa kwa shabaha? Darubini yake huweza kufungwa juu ya mtutu wenyewe, vikawa kitu kimoja. Katika shotgani nyingi nyingine darubini hukaa nyuma kwenye mwili wa bunduki, na mtutu ukilegea kidogo tu, shabaha imeharibika. Bunduki ya aina hiyo iitwayo H&R Ultra Slug Hunter ilipendwa kwa sababu hiyo, pamoja na mtutu wake mnene. Ina kilo 4 hivi: mzigo kwa mtembezi, nafuu kwa bega.

Wajua kwamba utafiti wa Pennsylvania wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa slagi iliyopigwa kwa usawa wa ardhi huweza kudunda na kufika mbali kuliko risasi ya raifali? Usifyatue kama hakuna udongo wa kilima nyuma ya mnyama.

Na koti la rangi ya chungwa kali? Mwindaji mwenzako huliona toka mbali. Jicho la kulungu halipambanui wekundu, kwake ni rangi iliyofifia tu.